Jack Benny: mkono wa birika aliyegawa kicheko

Mwishoni mwa mwaka 1945, vita vikiwa vimekwisha na askari wa Marekani wakirudishwa makwao kwa meli, kipindi kimoja cha redio kilitangaza shindano la ajabu. Msikilizaji alitakiwa achukue kalamu na karatasi, aeleze kwa maneno machache kwa nini hamvumilii Jack Benny. Zawadi zilikuwa hatifungani za serikali za jumla ya dola 10,000, fedha ambayo siku hizo ilimnunulia mtu nyumba nzuri. Aliyetangaza shindano hilo alikuwa Jack Benny mwenyewe, mwenye kipindi.

Barua zaidi ya laki mbili na nusu zilimiminika. Sababu hazikuhitaji kutafutwa kwa tochi, kwani Marekani nzima ilizijua: bahili wa kupindukia, mpenda sifa, anapiga fidla mpaka mbwa wa jirani wanakimbia, na anadanganya umri wake, ambao baadaye ulikwama kwenye miaka 39. Majaji walikuwa watatu, na mmoja wao, Fred Allen, ndiye aliyekuwa adui wa Benny hewani kwa miaka tisa. Barua iliyoshinda ilisomwa mapema mwaka 1946 na mwigizaji Ronald Colman kwa ile sauti yake ya Kiingereza safi. Ilikuwa shairi fupi, na kiini chake ni kwamba kila tunachokichukia kwa Benny ni kitu ambacho kila mmoja wetu anacho na anakificha.

Mshindi alikuwa amekitoboa kipindi chote mpaka kwenye kiini. Karibu wachekeshaji wote wa zama zile walisimama mbele ya maikrofoni wakiwa wajanja kuliko kila mtu: wao ndio wenye jibu kali, wengine kazi yao ni kuuliza. Benny aligeuza meza. Alijenga kipindi ambamo tajiri wake ndiye mjinga wake, na kila anayepita, kuanzia mkewe hadi muuza duka, anaondoka akiwa amemcheka.

Jina alilopewa na wazazi ni Benjamin Kubelsky. Alizaliwa Chicago tarehe 14 Februari 1894, akakulia Waukegan, mji ulio kando ya Ziwa Michigan, mtoto wa Wayahudi waliohamia kutoka Ulaya Mashariki. Baba yake alikuwa na baa, baadaye akafungua duka la nguo za kiume. Fidla alishikishwa akiwa na umri wa miaka sita hivi, nyumbani wakitarajia siku moja atapiga kwenye kumbi kubwa. Mikono alikuwa nayo. Mazoezi ndiyo yaliyomshinda, na masomo pia, mpaka sekondari wakamfukuza. Akaishia kwenye orkestra ya ukumbi wa vodevili pale mjini, yale maonyesho ya jukwaani yaliyochanganya nyimbo, sarakasi na vichekesho. Alipoanza kusafiri kama msanii, mpigaji mashuhuri Jan Kubelik alilalamika kwamba jina la kijana linafanana mno na lake. Akajiita Ben K. Benny. Safari hii akalalamika Ben Bernie, naye mtu wa fidla na maneno. Ndipo likapatikana Jack Benny. Katikati ya hayo, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alijiunga na jeshi la maji, na katika tamasha moja la wanamaji muziki wake ulizomewa. Aliweka fidla kando akaanza kuzungumza, na waliokuwa wakizomea wakacheka.

Redioni aliingia mwaka 1932 kama mgeni wa Ed Sullivan, mwandishi wa magazeti. Alijitambulisha, kisha akawaambia wasikilizaji kwamba atanyamaza kidogo ili wapate nafasi ya kuulizana ni nani anayejali. Tarehe 2 Mei mwaka huohuo akawa na kipindi chake, kikidhaminiwa na vinywaji vya Canada Dry.

Hapa inabidi nieleze jambo ambalo msikilizaji wa leo anaweza asilielewe. Redio ya Marekani ya miaka ile ilikuwa mali ya mdhamini. Kampuni ya bidhaa na wakala wake wa matangazo ndio walioajiri wasanii na kuamua kinachosemwa. Shirika la utangazaji liliuza muda na nyaya. Tangazo lilisomwa kwa sauti ya ibada. Benny alilifanyia tangazo mzaha. Alisimulia, kwa mfano, jinsi muuzaji wa kampuni alivyowakuta watu jangwani wanakufa kwa kiu, akawanywesha soda ya Canada Dry, na hakuna hata mmoja aliyesema haipendi. Wenye kampuni hawakufurahi, na mwanzoni mwa 1933 alikuwa na mdhamini mwingine. Zilifuata gari za Chevrolet, matairi ya General, halafu mwaka 1934 ikaja Jell-O, unga wa kutengenezea jeli ya matunda. Hao walimwacha acheze. Badala ya kuwaamkia wasikilizaji kwa salamu ya kawaida, alifungua kipindi kwa kulichomeka jina la bidhaa ndani ya salamu, na watoto wa nchi nzima wakaweza kuimba ladha sita za Jell-O kama wanavyoimba hesabu za kuzidisha. Ndoa hiyo ilidumu mpaka vita vilipoleta mgawo wa sukari. Kuanzia 1944 mdhamini alikuwa sigara za Lucky Strike, na tangazo la katikati likawa sehemu ya vichekesho kabisa: waimbaji wanne walioitwa Sportsmen waliingia wakivuma kwa staha, wakageuza wimbo wowote kuwa sifa za tumbaku, huku Benny akipiga kelele waache na wao wakizidisha kasi.

Watu wake ndio waliokuwa mtaji. Mary Livingstone, ambaye jina lake halisi ni Sadie Marks, alikuwa mkewe tangu 1927. Aliingia hewani mwaka 1932 kama msichana shabiki kutoka Plainfield, New Jersey, akabaki kuwa ulimi mkali usiomwachia Benny apumue. Don Wilson, mtangazaji mwenye mwili mkubwa na kicheko kinachotoka tumboni, alitaniwa unene kila wiki na hakuonekana kuchoka. Phil Harris, kiongozi wa bendi kuanzia 1936, aliigiza mlevi asiyejua kusoma, amejaa majivuno, na alimwita bosi wake "Jackson" kana kwamba wamekutana mtaani. Dennis Day, kijana mwimbaji aliyekuja 1939, alikuwa mpole na mzito wa kuelewa. Mshahara wake ulikuwa mdogo hata kwa mzaha, na juu yake Benny alimtuma kukata majani ya uani. Kulikuwa pia na Frank Nelson, ambaye Benny alimkuta kila mahali: dukani, stesheni, hotelini, benki. Nelson aligeuka taratibu na kuitikia kwa neno moja aliloliburura kama mtu aliyekuwa akingoja maisha yake yote kumfanyia mteja huyu ufidhuli.

Ukihesabu vicheko katika kipindi kimoja utakuta vingi vimewaangukia hao. Wasanii wengine walikuwa wakiwakata wenzao mistari mizuri ili waibakize wao, Benny aliigawa. Hesabu yake ilikuwa rahisi: kesho yake kazini watu wakiulizana kama wamesikia jana, watataja kipindi cha Jack Benny, hata kama aliyewavunja mbavu ni Phil. Mtu anayeigiza bahili alikuwa ameelewa kwamba kuna mali inayoongezeka ukiigawa.

Miongoni mwa waliogawiwa, aliyepata zaidi ni Eddie Anderson. Alizaliwa Oakland, California, mwaka 1905, katika familia ya wasanii, na sauti yake ilikwaruza namna ambayo hukuweza kuichanganya na ya mtu mwingine. Mara ya kwanza alikuja kwa kazi ya siku moja, Machi 1937, kama mhudumu Mweusi wa behewa la kulala katika safari ya treni ya kina Benny. Wasikilizaji walimpenda, akarudishwa, na haukupita muda akawa Rochester, mtumishi na dereva wa nyumbani kwa Benny. Hakuna Mmarekani Mweusi aliyewahi kabla yake kuwa na nafasi ya kudumu namna hiyo katika kipindi cha redio kilichosikika nchi nzima.

Kuhusu Rochester siwezi kusema neno moja likatosha. Katika miaka ya mwanzo waandishi walimvika mizigo yote ambayo Wazungu wa Marekani walipenda kuwatwisha Weusi: kamari, pombe, wembe mfukoni, uvivu. Anayesikiliza rekodi hizo leo atakunja uso, na ana haki. Lakini kulikuwa na kitu kingine kikitendeka humohumo. Mtumishi huyu hakumwogopa bwana wake. Alipiga simu studio kumwambia Benny mambo ambayo hakuna Mzungu angeyavumilia kutoka kwa mfanyakazi Mweusi mwaka 1938: kwamba ni mzee, kwamba hana nywele, kwamba mshahara umechelewa, kwamba uongo wake wote anaujua yeye anayemfulia. Na alishinda mabishano yote. Mwaka 1940 filamu yao ya *Buck Benny Rides Again* ilizinduliwa Harlem, mtaa wa Weusi wa New York, kwa sababu umma uliojitokeza ulimtaka Anderson.

Baada ya vita, habari za mauaji ya Wayahudi wa Ulaya zilipojulikana kwa ukamilifu, Benny aliwaagiza waandishi wake wafute mizaha iliyotegemea rangi ya Rochester. Rochester akabaki na ujanja wake, uchovu wake na bosi wake asiyelipa. Mapema mwaka 1950 kipindi kilipofufua maandishi ya zamani, yale mambo ya kale yakarudi hewani, na barua za malalamiko zikaja. Ni ushahidi mzuri wa umbali uliokuwa umekwendwa katika miaka kumi. Inasimuliwa pia kwamba hoteli moja, ilipomtaka Anderson aondoke kwa sababu wageni Wazungu kutoka majimbo ya Kusini wamelalamika, ilishangaa kuona kundi zima la Benny linafungasha na kuondoka naye.

Kuna jambo ambalo wachambuzi wengi hulipitia haraka. Mwana wa wahamiaji wa Kiyahudi alichagua kuigiza ubahili, tusi kongwe kuliko yote walilotupiwa watu wake, na akalifanya la Kimarekani kabisa. Benny wa redioni alisherehekea Krismasi, aliishi Beverly Hills, na ubahili wake haukuwa wa kabila lolote. Ulikuwa wa yule mjomba uliyenaye.

Sasa tuzungumze masikio. Ed Wynn, nyota mkubwa wa redio alipoanza Benny, alivaa mavazi ya kuchekesha mbele ya maikrofoni. Walioko studio walicheka, wa nyumbani wakabaki wanajiuliza kuna nini. Benny na waandishi wake walishika njia nyingine, ya kumwachia msikilizaji ajenge mwenyewe. Chukua gari lake, Maxwell, la kampuni iliyokuwa imekwisha kufa tangu katikati ya miaka ya 1920. Mlio wa mkweche huo uliwekwa kwenye santuri. Inasimuliwa kwamba siku moja mashine haikuwashwa kwa wakati, na Mel Blanc, yule aliyekuwa sauti ya sungura Bugs Bunny, akairukia maikrofoni na kukohoa, kupiga chafya, kupwita na kukata roho kama injini. Tangu hapo gari lilikuwa ni yeye. Blanc ndiye pia aliyekuwa mwalimu wa fidla, Profesa LeBlanc, aliyelia kila mwanafunzi wake alipogusa nyuzi. Na ndiye aliyekuwa dubu Carmichael, aliyelinda chini ya nyumba na kushukiwa kuwa amemla msoma mita wa gesi.

Au chukua hazina. Benny hakuweka fedha benki. Alipohitaji senti, alishuka chini ya nyumba, na wewe ulishuka naye kwa masikio: nyayo kwenye ngazi za mawe, mnyororo, komeo, mlango wa chuma unaolalamika, nyayo tena zikirudisha mwangwi mrefu zaidi, mlango wa pili, halafu king'ora, kengele, filimbi na mwisho honi ya meli ya kwenye ukungu. Kimya. Kisha sauti ya kizee ya Ed, mlinzi aliyekaa humo miaka mingi mno bila kuona jua, anayeuliza habari za vita ambavyo wajukuu wa askari wake walikwisha kufa. Yote hayo yalitengenezwa na watu wawili watatu wenye vyuma na vipande vya mbao. Miaka ya baadaye hazina hiyo ilionyeshwa kwenye televisheni, na nilipoiona nilisikitika kidogo: ilikuwa mapambo ya studio. Ile niliyoichimba mwenyewe kwa kusikiliza ilikuwa na kina zaidi.

Kipindi cha tarehe 8 Desemba 1946 kinafaa kusikilizwa na yeyote anayetaka kuandika vichekesho. Benny anakwenda dukani kununua zawadi za Krismasi. Don Wilson, aliyemtumikia kwa zaidi ya miaka kumi, anapata kamba za viatu. Muuzaji ni Mel Blanc, mnyenyekevu, mwenye subira. Shida ni moja tu: kamba ziwe na ncha za plastiki au za chuma? Benny anatafakari kama anayenunua shamba. Anachagua, zinafungwa kwa karatasi na utepe. Anaondoka. Anakutana na huyu, anazungumza na yule, wasiwasi unamwingia, anarudi: naomba nibadilishe. Muuzaji anafungua kifurushi. Baadaye anarudi tena. Kila mara sauti ya Blanc inapanda nusu ngazi, na kila mara kunakuwa na muda mrefu zaidi kabla Benny hajatokea, mpaka unaanza kusikia nyayo zake kabla hazijapigwa. Mwishowe yule mtu mpole amepasuka, analia na kufoka katikati ya duka. Hakuna mzaha hata mmoja wa maneno katika kisa chote. Kuna tabia ya mtu, na saa. Krismasi zilizofuata walikirudia wakibadili zawadi, na watu walikingoja.

Ugomvi na Fred Allen ulianza kwa bahati. Allen alikuwa mtu wa kejeli kavu, na kipindi chake kilitoka New York. Tarehe 30 Desemba 1936 mtoto wa miaka kumi, Stuart Canin, alipiga fidla katika kipindi hicho kwa ustadi, na Allen akatoa dongo kwamba Benny anapaswa kuona haya. Jumapili iliyofuata Benny akajibu. Hawakuwa wamepanga, wote wawili waliona kuna chakula hapo wakaendelea kula kwa miaka. Machi 1937 walikutana ana kwa ana kwenye ukumbi wa Hoteli ya Pierre mjini New York mbele ya umma uliokuja kutazama ndondi, na wakaishia kukumbatiana na kukumbushana siku za jukwaani. Allen alikuwa na kipaji cha kujibu papo kwa papo ambacho Benny hakuwa nacho, na Benny aliligeuza hilo pia kuwa mtaji: siku moja alipozidiwa, alilalamika kwamba Allen asingethubutu kumwambia hivyo kama waandishi wake wangekuwepo.

Kilele chao kwangu ni Mei 1946. Allen alitengeneza mzaha wa vipindi vya kugawa zawadi, na Benny akaingia kwa jina la uongo, akashinda, akatawazwa mfalme wa siku moja. Zawadi mojawapo ilikuwa kupigiwa pasi suti yake, hapohapo jukwaani. Wakaanza kumvua. Suruali ikatoka kweli, Benny akipiga mayowe, umati studio ukiwa hoi, na kelele hizo zikala muda wote uliobaki mpaka kipindi kikakatwa na saa. Kuhusu yule mtoto Canin: Julai 1945 alikuwa askari nchini Ujerumani, na alipiga fidla mbele ya Truman, Churchill na Stalin walipokutana Potsdam.

Ukimya wa Jack Benny wenye sifa kuliko wote ulisikika tarehe 28 Machi 1948. Ronald Colman, ambaye katika kipindi hicho aliigiza jirani mwungwana anayeteswa na ukaribu wa Benny, alikuwa ameshinda tuzo ya Oscar kweli siku nane kabla. Benny anakwenda kwake na kumwomba amwazime sanamu hiyo. Anaondoka nayo kwa miguu usiku, akivuma wimbo. Nyayo. Mtu anatokea gizani, anaomba kiberiti, kisha anatoa bastola na kumpa Benny hiari ambayo kila mwizi wa hadithi huitoa: fedha au roho.

Kimya.

Studio wanaanza kucheka kabla hajasema chochote. Wanacheka kwa sababu wanajua anachofanya, nao wanajua kwa sababu wamekuwa na mtu huyu Jumapili baada ya Jumapili tangu 1932. Wamesikia gari, wamesikia hazina, wamesikia Dennis akikata majani. Mchekeshaji mwingine yeyote akinyamaza hapo, msikilizaji wa nyumbani angedhani redio imeharibika. Mwizi anakosa subira na kurudia swali, na Benny anamfokea kwamba bado anafikiria. Kicheko kinapasuka upya.

Waandishi wa kipindi kuanzia 1943 walikuwa wanne: Sam Perrin, George Balzer, Milt Josefsberg na John Tackaberry. Josefsberg alieleza baadaye jinsi mstari ule ulivyopatikana. Yeye na Tackaberry walikuwa wamekwama. Swali la mwizi walikwisha kulipata, jibu hakuna. Tackaberry amejilaza kwenye kochi, kimya. Josefsberg anatembea chumbani, anamharakisha, anamrudishia swali kwa hasira. Tackaberry akamkaripia kwamba anafikiria. Wakatazamana, kazi ikawa imekwisha.

Wengi huamini kwamba hicho ndicho kicheko kirefu kuliko vyote katika historia ya kipindi. Rekodi hazikubali sana. Vipo vilivyokizidi, kimojawapo cha majuma machache tu baadaye, pale Don Wilson na mwimbaji wa opera Dorothy Kirsten walipokuwa wakipeana maneno mazito ya kitaalamu ya muziki, Benny akathubutu kuchomeka kauli, na Mary akamwambia anyamaze. Na vilikuwapo vilivyotokana na ajali. Januari 1950 Don Wilson aliteleza ulimi alipokuwa akimtaja mwandishi wa habari Drew Pearson, akatamka "Dreer Pooson". Waandishi walihariri karatasi wakati kipindi kinaendelea, na Frank Nelson alipofikiwa na zamu yake, akaulizwa kama yeye ndiye bawabu, akauliza kwani anadhaniwa ni Dreer Pooson. Benny, ambaye hakuambiwa, alicheka hadi akashindwa kusimama.

Alikuwa msikilizaji mzuri kuliko wote waliomo studio. Waandishi wake walimhesabu kuwa mhariri mkuu wa vichekesho nchini. Aliweza kubishania neno moja dogo kwa muda mrefu. Na kipindi kilitoka moja kwa moja. Kwa miaka mingi kilichezwa mara mbili Jumapili hiyohiyo, mara ya kwanza kwa majimbo ya mashariki na mara ya pili, saa kadhaa baadaye, kwa pwani ya magharibi. Jeshi lilikata matangazo ya biashara na kusafirisha santuri za kipindi hadi kambi za mbali, na mwaka 1943 Benny mwenyewe aliwafuata askari Afrika, Mashariki ya Kati na Sicily, akiwa na Larry Adler, mpigaji wa kinanda cha mdomo.

Fedha halisi zilikuja 1948. William Paley, mkuu wa shirika la utangazaji la CBS, aligundua kwamba nyota wa shirika pinzani la NBC, Benny akiwemo, waliliwa sehemu kubwa ya mapato na kodi, ilhali mtu anayeuza kampuni yake hutozwa asilimia 25 tu ya faida. Basi akanunua kampuni ya Benny kwa zaidi ya dola milioni 2. Tarehe 2 Januari 1949 kipindi kilihamia CBS, saa ileile, Jumapili saa 1 jioni. Wasikilizaji walizungusha kitufe wakamfuata. Phil Harris aliyekuwa na kipindi chake NBC mara tu baada ya saa ya Benny alilazimika kumaliza sehemu yake kwa Benny mapema, kisha akimbilie studio ya pili. Mamlaka ya kodi ilikwenda mahakamani kuipinga biashara hiyo, bahili akashinda.

Televisheni alianza Oktoba 1950, kwa kudonoa, huku redio ikiendelea hadi Mei 1955. Kwenye kioo alikaa mpaka 1965, akitumia uso wake, kiganja shavuni, macho kwa watazamaji. Ilikuwa kazi nzuri. Mary, aliyekuwa akiogopa maikrofoni mwaka hata mwaka, alijitoa taratibu.

Kitu cha ajabu ni jinsi Benny alivyoishi kinyume na umbo alilolijenga. Kuanzia 1956 alizunguka akipiga fidla na orkestra kubwa za Marekani, akisimama mbele ya wapigaji wa kweli na kuharibu kwa makusudi, watu wakilipa bei kubwa kuja kumsikia. Mamilioni ya dola yalipatikana hivyo, yote yakabaki kwa orkestra na kumbi, Carnegie Hall ikiwemo. Nyumbani alikuwa na fidla ya Stradivari, na aliwaachia orkestra ya Los Angeles. Inasemekana alikuwa akitoa bakshishi nono mno hotelini na kwenye teksi, kwa hofu kwamba dereva angerudi nyumbani akawaambia watoto wake kwamba ni kweli.

Alifariki tarehe 26 Desemba 1974, akiwa na miaka 80 kwa hesabu ya cheti cha kuzaliwa. Miaka kumi na mitatu kabla, mji wa Waukegan, ambao sekondari yake ilimfukuza, uliipa shule mpya jina lake. Timu za michezo za shule hiyo zinaitwa 39ers.